Kaa wa Salender na majitaka ya Dar

MFANYABIASHARA wa kwetu anayevuka Kobero kwenda kununua mali Dar es Salaam hulala Kariakoo siku mbili tatu, hupakia mzigo na kurudi. Akipata safari ya kwenda upande wa Oysterbay hupita daraja la Salender. Kama maji yamekupwa, huona mikoko, tope jeusi na vijishimo visivyohesabika. Wengi hugeuza uso kwa sababu ya harufu. Lakini katika tope lile kuna kazi inayofanyika kila siku, ambayo jiji haliilipii hata senti moja.

Kazi yenyewe ni kuondoa naitrojeni. Wanaouza mbolea mpakani wanaijua kwa namba iliyoandikwa kwenye mfuko: urea ni asilimia 46. Maana yake mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Urea hiyo hiyo imo katika mkojo wa binadamu. Mtu mzima hutoa naitrojeni kilo 3 hadi 4 kwa mwaka, kwa hiyo watu 6 au 7 ni mfuko mmoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 5.38. Hata ukiwapunguza watoto, hesabu inafika mifuko laki kadhaa kila mwaka. Sehemu yake hubaki katika mashimo ya vyoo, na sehemu hushuka na Mto Msimbazi mpaka kwenye mikoko ile ya Salender.

Shambani naitrojeni ni mali. Baharini ikizidi ni hasara. Mimea midogo ya majini huota kupita kiasi, hufa, huoza, na uozo huo humaliza oksijeni. Samaki wanaoweza kukimbia hukimbia, na wasioweza hufa. Katika Ghuba ya Meksiko, pale Mto Mississippi unapomwaga mbolea za mashamba ya Marekani, eneo la namna hiyo lilifikia kilometa za mraba 22,700 hivi mwaka 2017. Burundi nzima, pamoja na maziwa yake, ni 27,834.

Nilisoma sekondari nikiwa ukimbizini Tanzania, bila maabara. Mwalimu wetu wa biolojia alituchorea ubaoni mzunguko wa naitrojeni: radi, maharage, ng'ombe na mishale mingi. Mchoro ule nautumia mpaka leo darasani kwangu, na bado ni mzuri. Kinachokosekana ndani yake ni mnyama anayechimba.

Tope la pwani halina pumzi. Oksijeni hupenya milimita chache tu kutoka juu, na chini ya hapo hakuna hewa kabisa, ndiyo maana ni jeusi na linanuka kama yai viza. Amonia inayotoka kwenye mkojo na uozo hukwama humo. Ili iondoke yanahitajika makundi mawili ya bakteria. La kwanza huigeuza amonia kuwa naitreti, nalo haliwezi kazi bila oksijeni. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alilithibitisha hilo mwaka 1890. La pili huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na hufanya hivyo pale ambapo oksijeni haipo. Mmoja anataka hewa, mwingine anaikimbia, na huyu wa pili hana mzigo mpaka wa kwanza amletee. Watu wa mpakani hawahitaji maelezo marefu hapo: biashara kama hiyo hufanyika pale pande mbili zinapokutana.

Anayechimba mpaka huo ni kaa. Yule mdogo, ambaye dume lake lina gando moja kubwa kupita mwili, hushuka sentimita 10, 20, hata 30. Maji yakipwa, hewa huingia shimoni na kulainisha ukuta wake wote kwa oksijeni, huku milimita chache nyuma ya ukuta kukiwa hakuna hewa. Kila shimo jipya ni ukuta mwingine wa bakteria kukutana. Zaidi ya hapo, kaa huyu hula kwa kuchuja tope la juu na kulitema kama vidonge, hivyo hulipindua siku nzima kama mkulima anayepalilia.

Sasa lipo jambo la kutia wasiwasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu aina 2 za kaa hawa wa Afrika Mashariki ulionyesha kwamba penye majitaka mengi kaa hushiba haraka, na kwa kuwa wameshiba hupindua tope kidogo kuliko wenzao wa mahali safi. Uchafu unaongezeka, mfanyakazi anapunguza kazi. Kwa hiyo wale wanaosema mikoko itameza kila kitu tunachoitupia, mimi siwaamini. Na mikoko ikikatwa, tope likafukiwa kwa kifusi, hata kaa mvivu hayupo.

Nisiwapambe mno kaa hawa. Shimo lililochimbwa linaweza pia kuitoa amonia nje kabla bakteria hawajaishughulikia, na bakteria wa kundi la pili wakikatizwa njiani huacha gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo hupasha dunia joto kuliko kaboni dioksaidi mara zaidi ya 250.

Msomaji wa Muyinga ataniuliza mbolea yake yeye inakwenda wapi. Haifiki Salender. Hushuka na Ruvubu mpaka Kagera, kisha Ziwa Victoria, ambako huwalisha magugu maji tunayoyajua. Huko nako tope lina wachimbaji wake, minyoo na mabuu ya visubi, wakifanya kazi ya jamii hiyo hiyo.

Anayetaka kuwaona wale wa Dar achague siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa mchana. Asimame ukingoni kimya. Wakiona kivuli huingia wote shimoni kwa pamoja, na baada ya dakika chache huanza kuchungulia mmoja mmoja.