Neno "Hifadhi" na Tatizo la Nakala ya Pili

Mtafiti wa lahaja arudiye kutoka Vanga au Msambweni na saa 20 za masimulizi katika kompyuta yake amebeba kitu kisichopatikana kwingine. Chivumba na Chichifundi zina wazungumzaji wachache, na wasimulizi wanaotafutwa zaidi ni wazee. Hata hivyo nakala ya pili ya masimulizi hayo mara nyingi haipo. Lawama hutupiwa uvivu na uhaba wa fedha. Makala haya yanadai kwamba lugha nayo ina sehemu yake.

Katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kuiweka kazi ndani ya kompyuta huitwa "kuhifadhi". Shina la neno hili ni la Kiarabu, ndilo lililotoa pia "hafidh", yaani mtu aliyeiweka Kurani moyoni. Katika vyuo vya pwani kuhifadhi hakukuwa kazi ya nakala moja. Mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, wenzake wakisikia. Msahafu ukiliwa na mchwa, maneno yangali vifuani mwa wengi. Usalama uliomo katika neno hilo umetokana na wingi huo. Kompyuta imelichukua neno na kuuacha wingi. Abonyezaye "hifadhi" huondoka ameridhika, ilhali ameandika mara moja tu, mahali pamoja.

Istilahi "hifadhi nakala" haisaidii sana, kwani hurudia kitenzi kile kile na kuonekana kama amri ya kutenda lililokwisha kutendwa. Bora zaidi ni "chelezo", ambalo baadhi ya wanaistilahi hulitumia. Limetokana na "eleza" kwa maana ya kufanya kitu kielee, na maana yake ya asili ni boya. Mvuvi wa Shimoni au Gazi hahitaji kuelezwa kazi ya boya. Kwa bahati mbaya wasomi wengi hulidhania kuwa ni "kielezo" lililokosewa.

Gharama nazo zipo. Sauti isiyobanwa, ya ubora wa diski ya muziki, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. Saa 20 ni zaidi ya gigabaiti 12, mzigo mzito kwa intaneti ya simu. Lakini diski ya pili hailingani na gharama ya safari nzima ya utafiti, na hata aliyeinunua aghalabu huitia katika mkoba ule ule wa kompyuta. Mwizi mmoja atosha, au ndoo moja ya maji.

Lambert alipochapisha maelezo ya Ki-Vumba mwaka 1957 na ya Chi-Chifundi mwaka 1958, mtambo wa chapa ulitoa nakala bila yeye kuzifikiria, zikatawanyika maktabani. Rekodi za sauti hazina mtambo wa namna hiyo. Idara zingeweza kudai rekodi pamoja na tasnifu, na kutaka nakala nyingine ibaki Kwale kwa wasimulizi wenyewe, ambao mara nyingi huombwa sauti zao wasiachiwe kitu.