Waombolezaji Wasio Wafiwa: Mashabiki na Vifo vya Wachoraji na Waigizaji wa Sauti wa Filamu za Katuni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya shabiki katika msiba wa msanii ambaye hakuwahi kuonana naye na ambaye, mara nyingi, hata sura yake hakuijua. Kwa kuongozwa na tofauti iliyomo katika Kiswahili kati ya kufiwa na kuomboleza, tunaeleza tanzia inayotolewa baada ya maziko, sauti inayobaki bila mwenyewe, na mgogoro kuhusu majina ya marehemu uliofuata moto wa studio ya Kyoto Animation nchini Japani mwaka 2019.

Kufiwa na kuomboleza

Kitenzi -fiwa kimejengwa juu ya mzizi wa kufa, kikaongezwa kiambishi cha kutendea kisha cha kutendwa: -f-i-w-a. Anayefiwa ni yule ambaye kifo cha mwingine kimemtendea jambo. Ndiyo maana kitenzi hiki hakikai vizuri bila uhusiano unaoweza kutajwa. Mtu hufiwa na mama, na shangazi, na jirani, na mfanyakazi mwenzake. Anayesema tu kwamba amefiwa huulizwa papo hapo: na nani wako? Kuomboleza, kwa upande mwingine, hakuna sharti hilo. Yeyote aliyeguswa anaweza kuomboleza, awe ndugu au mpita njia.

Lugha ina njia ya kuupanua mlango wa kufiwa, nayo ni istiari ya udugu. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mtanzania aliyesema kwamba taifa limefiwa hakuvunja kanuni yoyote, kwa sababu cheo cha Baba wa Taifa kilikuwa kimekwisha kuandaa undugu huo tangu zamani. Shabiki wa filamu za katuni hana cheo cha namna hiyo. Hawezi kusema kwa urahisi kwamba amefiwa na mchoraji, maana atakapoulizwa mchoraji huyo alikuwa nani wake, Kiswahili hakimpi neno la kujibia. Yeye ni mwombolezaji asiye mfiwa, na hoja ya makala haya ni kwamba ugumu mwingi unaoonekana katika maombolezo ya mashabiki unatokana na hali hiyo hasa. Wengi husema kwamba mashabiki hulia kupita kiasi kwa ajili ya michoro. Tunaona kwamba maelezo hayo hayagusi kiini cha jambo.

Tanzia inayofika baada ya maziko

Wasikilizaji wa redio katika nchi zetu wanaifahamu tanzia kwa umbo lake. Humtaja marehemu, kisha msururu wa jamaa, kila mmoja na mahali alipo, kisha mahali msiba ulipo na siku ya maziko. Tangazo hilo ni habari na ni mwito pia: njooni mzike. Kila jina la jamaa linalosomwa ni mtu anayetakiwa kuondoka alipo.

Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 68. Umma uliarifiwa tarehe 8 Machi, na taarifa ilieleza kuwa maziko yalikwisha kufanywa na familia pamoja na jamaa wachache sana. Huo ni utaratibu wa kawaida nchini Japani kwa watu maarufu: jamaa humzika mtu wao kwa faragha, ndipo dunia ikaambiwa. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hii ni tanzia isiyoalika. Imefika wakati hakuna la kufanya, na mara nyingi huambatana na ombi kwamba watu wasifike nyumbani wala wasipeleke maua.

Mwongozaji Satoshi Kon, aliyefariki tarehe 24 Agosti 2010 akiwa na miaka 46, alikwenda mbali zaidi. Aliificha saratani yake kwa karibu kila mtu, akaandika mwenyewe barua ndefu ya kuaga iliyotolewa mara baada ya kifo chake. Mashabiki walipata habari ya ugonjwa, ya kifo na ya kuagwa kwa wakati mmoja. Filamu aliyokuwa akiitengeneza ilibaki haijakamilika.

Je, mtu aliyekosa maziko hufanya nini? Mashabiki wa Toriyama katika jiji la Buenos Aires walikusanyika penye mnara wa Obelisco, wakainua mikono juu kwa pamoja. Aliyeisoma au kuitazama Dragon Ball anaijua ishara ile. Katika hadithi, shujaa Goku anapozidiwa huwaomba viumbe wote wainue mikono wamchangie nguvu, naye huzikusanya zikawa silaha moja. Mkusanyiko huo ulikuwa na kila kitu cha matanga isipokuwa maiti na wafiwa. Waliokuja hawakuwa na ibada waliyorithi kwa ajili ya msiba wa aina hii, basi wakachukua ile aliyowabunia marehemu mwenyewe. Mtu anaweza kuucheka mchezo huo. Lakini hata dua zetu za arobaini huhitaji maneno ambayo waliohudhuria wote wanayajua, na kwa umati ule maneno ya pamoja yalikuwa hayo.

Sauti na mwenyewe

Msiba wa mwigizaji wa sauti huleta swali la kisarufi kabla ya jingine lolote: ni nani hasa aliyekufa? Kitenzi -fariki huambatana na mtu. Mwandishi anayeandika kwamba sauti ya Batman imefariki ataona jinsi upatanisho wa ngeli unavyomkatalia. Sauti hunyamaza, hukatika, hupotea, haifariki. Na katika filamu za katuni hata hainyamazi. Kevin Conroy, aliyeanza kumpa Batman sauti katika mfululizo wa mwaka 1992, alifariki tarehe 10 Novemba 2022, na mwaka 2024 alisikika tena katika filamu mpya kwa maneno aliyokuwa amekwisha kurekodi. Aliyefariki ni Conroy, sauti inaendelea, na Batman hana habari.

Conroy mwenyewe alisimulia kisa kinachofafanua jambo hili kuliko nadharia nyingi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 jijini New York, alijitolea kupika chakula cha wafanyakazi wa uokoaji. Ilipojulikana kwamba mpishi ndiye Batman, wapo waliokataa kuamini. Akatamka maneno ya mhusika wake kutoka jikoni, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko na furaha. Walimtambua wasipomwona. Mbele ya macho yao angekuwa mpishi tu.

Kabla yake palikuwa na Mel Blanc, aliyewapa sauti Bugs Bunny, Daffy Duck, Porky Pig na wengine wengi. Mwaka 1961 alipata ajali mbaya ya gari jijini Los Angeles, akapoteza fahamu kwa siku nyingi. Inasimuliwa kwamba daktari, baada ya kumwita kwa jina lake bila jibu, alimsalimu Bugs Bunny, na mgonjwa akajibu kwa sauti ya sungura huyo. Blanc alipofariki tarehe 10 Julai 1989, picha ya kumwomboleza iliyochorwa iliwaonyesha wahusika wake wameinamisha vichwa, na kando yao kipaza sauti kilichosimama peke yake katika mwanga. Katika mchoro ule wafiwa wamepatikana. Bugs na Daffy wana uhusiano na marehemu unaoweza kutajwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapa usemi. Shabiki humwomboleza Blanc kwa kusimama nyuma yao, kama jirani anayekuja msibani kwa sababu ya watoto wa marehemu.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu yake ya ziada ya kulifikiria suala hili. Katika The Lion King ya mwaka 1994 wahusika kadhaa walipewa majina kutoka lugha yetu, Simba na Rafiki wakiwa mfano ulio wazi, nasi tulifurahi au kukereka kila mtu kwa jinsi yake. Rafiki alipewa sauti na Robert Guillaume, aliyefariki tarehe 24 Oktoba 2017. Mufasa alipewa sauti na James Earl Jones, ambaye mwaka 2019, filamu ilipotengenezwa upya, alikuwa mwigizaji pekee wa toleo la kwanza aliyerudi katika nafasi yake. Jones alipofariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93, waombolezaji wengi walimkumbuka kwa tukio ambalo mzuka wa Mufasa unamtokea mwanawe mawinguni. Mhusika alikuwa amekwisha kufa miaka thelathini kabla ya mwigizaji wake, na waliomlilia Mufasa wakiwa watoto walikuwa na mazoezi ya msiba huu.

Hali ni tofauti pale mhusika anapokabidhiwa kwa mwingine. Nobuyo Oyama alikuwa sauti ya Doraemon kuanzia 1979 hadi 2005, kisha nafasi ikachukuliwa na Wasabi Mizuta. Oyama alifariki tarehe 29 Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 90. Mtoto wa Kijapani aliyezaliwa baada ya 2005 hakupungukiwa na kitu chochote siku ile, ilhali mzazi wake alipoteza sauti aliyokua akiisikia. Katika nyumba moja, mbele ya paka mmoja wa buluu, palikuwa na mwombolezaji na asiye mwombolezaji.

Majina thelathini na sita

Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia katika jengo la studio ya Kyoto Animation, wilayani Fushimi katika jiji la Kyoto, akamwaga petroli na kuiwasha. Watu 36 walikufa na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Wengi wao walikuwa wachoraji, na wengi walikuwa vijana. Michango kutoka pande zote za dunia ilipita yeni bilioni 3.3. Hapa ndipo mpaka kati ya wafiwa na waombolezaji ulipojitokeza kwa ukali.

Kampuni iliomba majina ya marehemu yasitangazwe, kwa heshima ya familia. Polisi walitoa majina 10 tarehe 2 Agosti, kisha 25 tarehe 27 Agosti, ingawa familia nyingi za kundi la pili zilikuwa zimekataa. (Mtu wa thelathini na sita alifariki baadaye, Oktoba.) Vyombo vya habari vilivyoyachapisha vilishutumiwa vikali, na miongoni mwa walioshutumu walikuwemo mashabiki wenyewe.

Msimamo huo wa mashabiki unastahili kutazamwa kwa makini. Wao ndio waliokuwa na kiu ya majina kuliko wote. Walitaka kujua kama Yasuhiro Takemoto alikuwa hai, kama Yoshiji Kigami, mwalimu wa wachoraji wa studio ile, alitoka, kama Futoshi Nishiya, aliyebuni sura za wahusika wa A Silent Voice, aliokoka. Wote watatu walikuwa wamekufa. Hata hivyo wengi wa mashabiki walisema kwamba haki ya kutaja ni ya wafiwa. Tunavyoona, huko kulikuwa kukubali, bila kuambiwa, kwamba kuomboleza hakumfanyi mtu kuwa mfiwa.

Lakini wafiwa nao hawakuwa na kauli moja. Baba wa mmoja wa vijana hao alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba mwanawe hakuwa mmoja tu kati ya watu 35. Alikuwa na jina, na alikuwa amefanya kazi. Kwake yeye kulificha jina kulikuwa kumuua mara ya pili. Sioni jinsi ya kumpinga, kama vile sioni jinsi ya kuzipinga familia zilizofunga milango. Kanuni yoyote ya tanzia inayodai kuwaridhisha wote wawili itakuwa imemnyamazisha mmoja.

Studio ilipata njia yake. Filamu ya kwanza iliyoitoa baada ya moto, ya mfululizo wa Violet Evergarden, ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Japani Septemba 2019. Katika orodha ya watendakazi inayopita mwishoni, waliandikwa wote walioshiriki, wakiwemo wale ambao hawajatimiza mwaka kazini na ambao, kwa desturi ya studio, wasingeandikwa. Orodha ile haikusema nani yu hai na nani amekufa. Haikumtaja mtu kama maiti wa habari. Ilimtaja kama fundi wa kazi iliyo mbele ya mtazamaji.

Suala la istilahi

Kwa wanaoandika tanzia za wasanii hawa kwa Kiswahili, jambo la kuamua kwanza ni dogo kwa sura yake: aitwe nani? Kumwita mwigizaji wa sauti kwa jina la mhusika kunamweka kando mwenye msiba. Kumwita mchoraji wa katuni tu kunafuta tofauti kati ya mbunifu wa wahusika, mchoraji wa mijongeo, mchagua rangi na mwongozaji, kazi ambazo katika studio ya Kyoto zilikuwa za watu tofauti na vifo tofauti. Neno uhuishaji, lililozoeleka sasa kwa sanaa hii, linatokana na kitenzi -huisha, kutia uhai, na mwenye kazi hiyo angeweza kuitwa mhuishaji bila kuulazimisha mfumo wa ngeli. Ile orodha ya mwishoni mwa filamu, ambayo watazamaji wetu wengi hunyanyuka vitini inapoanza, bado haina jina lililokubaliwa na wengi. Tumetumia hapa orodha ya watendakazi, na tunaiwasilisha mbele ya wajumbe ijadiliwe.