Utambuzi na Tiba ya Sarkoma ya Kaposi katika Mazingira ya Njombe na Makambako

Sarkoma ya Kaposi ni saratani ya tishu laini inayohusisha seli za kuta za mishipa ya damu na ya limfu. Ilielezwa kwa mara ya kwanza na Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872. Virusi vinavyoisababisha, virusi vya hepesi vya binadamu namba 8, viligunduliwa mwaka 1994. Duniani kwa jumla saratani hii ni nadra, lakini hustawi pale VVU vinapodhoofisha kinga ya mwili. Kwa sababu hiyo ina uzito wa pekee mkoani Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulibaini maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, ikilinganishwa na asilimia 4.4 kitaifa.

Dalili zake ni mabaka na vinundu visivyouma, uvimbe mgumu wa miguu, na madoa kwenye kaakaa. Katika ngozi nyeusi, mabaka hayo huwa ya kahawia iliyoiva au meusi, si ya zambarau kama yanavyoelezwa katika vitabu vingi. Kovu lililovimba, maambukizi ya fangasi na aina fulani za vinundu vya bakteria huweza kufanana nayo. Hivyo jicho la tabibu, hata likiwa na uzoefu, halitoshi. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha tishu na kukichunguza kwa hadubini.

Tiba hutegemea ukubwa wa ugonjwa. Kila mgonjwa mwenye VVU huhitaji dawa za kufubaza virusi, na kwa ugonjwa ulioishia kwenye ngozi dawa hizo pekee huweza kutosha. Penye vidonda, uvimbe mkubwa wa miguu au athari katika mapafu na utumbo, tibakemia huongezwa. Jaribio lililohusisha Kenya, Malawi, Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, lililochapishwa mwaka 2020, lilionyesha kuwa paklitakseli hufanya kazi vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini. Aidha, dawa za jamii ya steroidi huweza kuuchochea ugonjwa huu. Kwa hiyo utambuzi usio sahihi huweza kumdhuru mgonjwa.

Umbali ndio kikwazo kikubwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Makambako. Hata hivyo, tishu iliyohifadhiwa katika formalini haihitaji barafu, na Makambako ni njiapanda ya barabara ya Songea na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Sampuli inaweza kutangulia safarini, huku mgonjwa akiendelea na dawa za kufubaza virusi karibu na nyumbani. Nauli na nguvu zake zibaki kwa safari ya tiba, majibu yakiilazimu.