Hiba kabla ya mauti: kauli ya mzazi haitoshi

Mwislamu anapotaka kumpa mwanawe mali akiwa hai, sharia imemfungulia mlango mpana kuliko ule wa wasia. Wasia una mpaka: hauvuki thuluthi, wala hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Hiba haina kipimo hicho. Mtu mwenye afya na akili timamu aweza kuhibu nyumba, shamba au fedha zake kwa amtakaye. Ndiyo maana wazee wengi wa mitaa yetu ya Mombasa huikimbilia hiba wanapohisi umri umekwenda, na ndiyo maana mashauri mengi ya mirathi yanayopita mbele ya kamati za misikiti kabla ya kufika kwa Kadhi huanza kwa neno moja: "Marehemu alisema nyumba hii ni yangu."

Tumelisikia neno hilo mara nyingi, na mara nyingi msemaji ni mkweli. Marehemu alisema. Taabu ni kwamba hakutoa.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Sayyidna Abubakar (r.a.) na binti yake, Bibi Aisha. Baba alikuwa amemhibu tende za shamba lake la Ghaba, wasaki 20. Alipofikiwa na maradhi ya kufa alimweleza kwamba hakuna ampendaye kuwa na wasaa baada yake kuliko yeye. Lau angalizivuna na kuzichukua, zingalikuwa zake. Kwa kuwa hakuzichukua, siku ile zilikuwa mali ya warithi, nao ni ndugu zake wawili wa kiume na dada zake wawili. Bibi Aisha alimjua dada mmoja tu, Asmaa. Wa pili alikuwa bado tumboni mwa mke wa baba yake. Na tuzingatie: anayezungumza ni Swiddiqi, anayezungumziwa ni Mama wa Waumini, nia haina shaka, na bado hiba isiyopokewa ilirudi katika mirathi, ikagawiwa hata aliyekuwa hajazaliwa.

Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, yameshika hivyo hivyo. Lazima mtoaji atamke, mpokeaji akubali, kisha mali ikabidhiwe kwa idhini ya mtoaji. Kabla ya kukabidhi, mali ingali ya mtoaji. Kukabidhi nyumba ni kuiachia: mtoaji aondoe vitu vyake, amwachie mpokeaji ufunguo na madaraka yote. Ikiwa ni nyumba ya kupangisha, swali letu la kwanza barazani huwa jepesi sana: kodi ya mwezi uliofuata ilikwenda mkononi mwa nani? Jibu la swali hilo limewahi kumaliza shauri lililokuwa limezungumzwa kwa miezi.

Shauri moja la namna hiyo hatujalisahau. Binti alimuuguza mama yake kwa miaka tisa. Mama alisema mbele ya wanawake wa darsa, si mara moja, kwamba nyumba ya vyumba sita ni ya bintiye. Hakuna aliyemkadhibisha. Lakini hati ilibaki kwa jina la mama, wapangaji walimlipa mama, na mama ndiye aliyeamua nani akae na nani atoke hadi wiki aliyofariki. Kaka wawili walikuja mazikoni, na baada ya siku chache wakauliza habari ya mirathi. Wana wawili na binti mmoja: fungu la binti ni moja katika tano. Kaka mkubwa alimwachia dada yake fungu lake, Allah amlipe. Mdogo alikataa, na hatukuwa na haki ya kumlazimisha, kwa kuwa alichokidai kilikuwa chake. Binti alilia, akatuuliza kama miaka tisa haikuwa kitu. Malipo yake yako kwa Mola wake, tulimwambia hivyo. Lakini nyumba ingeweza kuwa yake kwa kazi ya siku chache tu wakati mama yu mzima.

Kazi hiyo kwa sheria za Kenya ni ipi? Ardhi iliyosajiliwa haihami kwa maneno. Hati ya hiba huandikwa, wakili akashuhudia, fomu ya uhamisho ikatiwa saini na pande zote mbili, thamani ikakadiriwa na mthamini wa serikali, ushuru wa stempu ukalipwa, kisha jina likabadilishwa katika rejista. Aliye na mke au mume ajiandae kutoa ridhaa ya mwenzake kwa maandishi. Shamba la kilimo, kama ya Kwale na Kilifi, lina mlango mwingine: Bodi ya Kudhibiti Ardhi lazima iridhie, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6. Wengi hudhani bodi inahusika na kuuza tu. Hiba nayo imo, na bila ridhaa hiyo ni batili mbele ya serikali.

Kisha kuna jambo letu la Mombasa, nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe humlipa kodi ya ardhi. Hapa hakuna rejista ya kubadilisha jina. Tunachoshauri ni mkataba wa hiba ulioshuhudiwa, mwenye kiwanja aukiri kwa maandishi, na tangu mwezi huo stakabadhi zake zitoke kwa jina la mpokeaji. Stakabadhi za mwaka mmoja zenye jina la binti zina nguvu kuliko mashahidi kumi wa darsa.

Kuhusu kodi, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Vijana wetu walioko Uingereza huwapigia wazazi simu wakiwatia haraka kwa habari za asilimia 40 na miaka 7. Hiyo ni sheria ya huko: mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000 hutozwa asilimia 40, na zawadi iliyotolewa ndani ya miaka 7 kabla ya kifo huweza kuhesabiwa ndani yake. Kenya iliifuta kodi ya mali ya marehemu mwaka 1982. Fedha taslimu anazompa mzazi mwanawe hazitozwi kodi kwa kuwa ni zawadi.

Kinacholipwa kwa nyumba na ardhi ni ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 mashambani. Nyumba ya shilingi milioni 6 mjini Mombasa ni shilingi 240,000. Si fedha ndogo, na ndizo zinazowafanya wazee kuahirisha. Kodi ya faida itokanayo na kuhamisha mali ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 tangu Januari 2023, na sheria yake inaihesabu zawadi kuwa ni uhamisho. Lakini imeondoa uhamisho baina ya mume na mke na ule wa kwenda kwa watoto. Anayemhibu mpwa au rafiki asijitie katika msamaha huo. Na mpokeaji wa nyumba ya kupangisha akumbuke kwamba kodi ya mapato ya pango, asilimia 7.5 kwa wengi, sasa ni juu yake, kwa namba yake mwenyewe ya KRA.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato: jina la mtoto huongezwa katika akaunti ya benki, au huandikwa Sacco kuwa ndiye atakayepokea. Kwa mizani ya fiqhi hilo halitoshi kuwa hiba. Mwenye fedha angali anaweza kuzitoa zote kesho, hajaachia kitu.

Liko jambo zito kuliko ushuru. Bashir alipotaka kumshuhudisha Mtume (s.a.w.) juu ya zawadi aliyompa mwanawe Nuuman, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Hakuwa amewapa, na Mtume akakataa kuwa shahidi. Mashafi wanaona usawa baina ya watoto, wa kiume na wa kike, ni sunna iliyokokotezwa, na kumpendelea mmoja bila haja ni karaha. Imam Ahmad amekwenda mbali zaidi, ameuona ni wajibu. Haja ikiwapo, kama mtoto mgonjwa, au yule aliyeacha kazi ili amuuguze mzazi, wanazuoni wameiachia nafasi. Nasi twaona afadhali mzazi aitaje sababu hiyo mbele ya watoto wote akiwa hai, ingawa ni mazungumzo magumu. Hiba inayofichwa kwa ndugu hadi siku ya arubaini huwa imefichwa kwa sababu.

Wala mzazi asijivue kila kitu. Kwa Shafi, baba au mama aweza kurejea hiba aliyompa mwanawe maadamu ingali katika milki ya mwana. Ofisi ya ardhi haiijui rukhsa hiyo. Jina likishabadilika, kulirudisha ni kesi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na twawajua wazee wanaoomba ruhusa ya kulala katika nyumba walizozijenga. Abaki na anapokaa. Ahibu kilicho zaidi.

Mwisho ni suala la wakati. Hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huchukua hukumu ya wasia. Karatasi iliyotiwa dole gumba hospitalini usiku wa mwisho, hata ikiwa na mhuri wa wakili, kwa asiye mrithi itapita katika thuluthi tu. Na kwa mrithi, itangoja ridhaa ya warithi wenzake, mmoja mmoja.