Sikio Linalotangulia Soko

Kila mji wenye muziki una watu wa aina hii. Wanalijua jina la bendi kabla bendi yenyewe haijapata mahali pa kufanyia mazoezi. Wanalipa kiingilio kwenye ukumbi wenye wasikilizaji kumi na watano, wananunua santuri ambayo haijapigwa redioni hata mara moja, kisha wanawasumbua rafiki zao mpaka nao waisikilize. Wengi huwaona kuwa ni watu wenye muda wa kupoteza. Mimi nasema wanafanya kazi ambayo hakuna mwingine katika biashara ya muziki aliye tayari kuifanya. Kampuni kubwa hununua kitu ambacho tayari kimethibitika, na kabla ya hapo lazima awepo mtu wa kukithibitisha kwa sikio lake na kwa fedha za mfukoni mwake. Mtu huyo ni shabiki wa bendi changa. Akikosekana yeye, muziki mpya hauna mlango wa kuingilia.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati muziki wa wasanii wanaojitegemea, ambao wenyewe waliuita indie, ulipoanza kusimama kwa miguu yake. Tarehe 28 Desemba 1976 vijana wanne wa Manchester, Buzzcocks, waliingia studio wakarekodi nyimbo nne. Kampuni hawakuwa nayo. Walikopa takriban pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakaanzisha lebo yao wakaiita New Hormones, na mwezi uliofuata santuri yao, Spiral Scratch, ikatoka nakala 1,000. Ukigeuza jalada lake upande wa nyuma, unakuta kila wimbo umeandikiwa ni pigo la ngapi lililochukuliwa, na kama kuna gitaa lililoongezwa baadaye. Maelezo hayo yalimwambia kijana aliyeishika santuri ile dukani kwamba hapa hakuna uchawi: huu tumeupiga mara moja, ule mara tatu, basi. Mwaka 1978 Scritti Politti wa London walikwenda mbali zaidi wakachapa kwenye jalada lao gharama za kazi nzima, kuanzia studio hadi kufyatua nakala. Msikilizaji alifunguliwa daftari la hesabu, na wengi waliolisoma walikwenda kuanzisha bendi zao.

Nakala zile 1,000 za Buzzcocks zilikwisha, zikafyatuliwa nyingine, na hatimaye zikauzwa kama 16,000. Kwa kampuni kubwa, mauzo ya nakala elfu moja ni sababu ya kuachana na msanii. Kwa watu waliokopa pauni 500, maana yake ni kwamba deni limelipika na santuri ya pili inawezekana. Uzito wa shabiki mmoja unaonekana hapo. Katika mauzo ya milioni moja, mnunuzi mmoja akikosekana hakuna anayejua. Katika mauzo ya elfu moja, wakikosekana mia mbili bendi imekwama. Kwa hiyo yule anayenunua mapema habadilishi rafu yake ya santuri tu, anabadilisha kama kutakuwa na wimbo unaofuata. Maduka nayo yalikua kwa watu hao hao. Rough Trade, duka alilolifungua Geoff Travis magharibi mwa London mwaka 1976, lilianza kwa kuuza santuri, likaingia kazi ya kuzisambaza, kisha likaungana na maduka ya miji mingine katika mtandao ulioitwa The Cartel. Kufikia Januari 1980 muziki huo ulikuwa na chati yake wenyewe.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni wa mtu mmoja. John Peel alitangaza BBC Radio 1 tangu ilipoanzishwa mwaka 1967 hadi alipofariki Peru mwezi Oktoba 2004, na miaka yote hiyo alibaki shabiki aliyepewa kipaza sauti. Kanuni kavu ya kazi ilimsaidia. Makubaliano na chama cha wanamuziki na kampuni za santuri yaliibana BBC isipige santuri kupita saa fulani kwa siku, hivyo pengo lilijazwa kwa kuziita bendi zije kurekodi kwenye studio za shirika, hasa zile za Maida Vale, kwa kawaida nyimbo nne kwa siku moja. Mtangazaji mwingine angezichukua nafasi hizo akawapa wenye majina makubwa. Peel aliwapa watu wasiojulikana, na rekodi za kipindi chake zilipita 4,000. Mwaka 1978 aliletewa santuri ya vijana wa Derry, The Undertones, iliyotolewa na Good Vibrations, lebo ndogo ya Terri Hooley, mwenye duka la santuri Belfast. Hooley alikuwa ameizungusha kwenye kampuni za London zikaikataa. Peel aliupiga wimbo ule, Teenage Kicks, kisha akaupiga tena papo hapo, jambo ambalo watangazaji hawalifanyi. Seymour Stein wa kampuni ya Sire ya New York, aliyekuwa ziarani Uingereza, alikuwa anasikiliza. Kabla mwaka haujaisha bendi ilikuwa imesaini mkataba. Wimbo ni ule ule uliokataliwa. Kilichoongezeka ni mtu mmoja aliyeupenda hadharani bila kusubiri ruhusa ya soko.

Wapo watakaosema kwamba shabiki wa namna hii hapendi muziki, anapenda kujitofautisha, na bendi ikipata jina anaikimbia. Watu wa namna hiyo wapo, na si wachache. Hata hivyo hofu ya kuona bendi imekuwa kubwa haitokani na wivu kila mara. Bhundu Boys wa Zimbabwe walipendwa sana na Peel na mwenzake Andy Kershaw. Walifika Uingereza mwaka 1986 wakiwa na lebo ndogo ya Discafrique, wakapiga kwenye vilabu vya kila mkoa, na mwaka 1987 walimfungulia Madonna jukwaa la Wembley. Mwaka huo huo walitoa albamu ya True Jit chini ya kampuni kubwa ya WEA, ikiwa imesuguliwa ili iwapendeze wageni. Waliowapenda mwanzoni walilalamika kwamba magitaa yamepoteza makali yake, na soko jipya lililotarajiwa halikuja. Baada ya albamu mbili kampuni ikaachana nao. Wale mashabiki wa kwanza, ambao ni rahisi kuwaita wenye maringo, walikuwa wamesikia kasoro ambayo wataalamu wa mauzo hawakuisikia.

Hoja ya pili ni ya siku hizi: kwamba kazi ya kuvumbua sasa inafanywa na kompyuta, kwa kuwa programu za kusikilizia muziki zinapendekeza nyimbo zenyewe. Nakubali kwamba zinapendekeza vizuri, lakini kwa sehemu kubwa zinafuata nyayo za waliokwisha kusikiliza. Wimbo ambao haujachezwa na mtu una nyayo gani? Tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili hauhesabiwi katika malipo ya Spotify. Bendi changa inaanzia chini ya mstari huo, na wa kuivusha ni binadamu mwenye shauku. Bandcamp, tovuti ya wasanii kuuzia muziki iliyoanza mwaka 2008, inaonyesha kwamba watu hao bado wapo. Tarehe 20 Machi 2020, maonyesho yalipokuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, Bandcamp iliacha kukata fungu lake kwa siku moja, na wasikilizaji wakatumia dola milioni 4.3. Hao wangeweza kusikiliza bure mahali pengine. Walilipa kwa kuwa walijua fedha inakwenda kwa nani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la tatu. Bendi nyingi zinazopendwa namna hii hazifiki popote, na mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Ni kweli, na katika bendi zilizorekodi kwa Peel nyingi zimesahaulika kabisa. Ila hakuna aliyejua mapema zipi zitasahaulika. Pulp wa Sheffield walirekodi kwa Peel Novemba 1981, wangali wanafunzi, baada ya mwimbaji wao, Jarvis Cocker, kumkabidhi kanda mkononi. Kilichofuata ni zaidi ya miaka kumi ya santuri zisizouzika na wanamuziki walioingia na kutoka. Wimbo wao Common People ulifika nafasi ya pili kwenye chati ya Uingereza mwaka 1995. Mhasibu yeyote angeifunga bendi hiyo mwaka 1984, na kwa hesabu zake angekuwa sahihi.

Kwetu jambo hili si geni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, uliorekodiwa Sisso Studios, Mburahati, na baada ya hapo madansi ya Ulaya yakaanza kuchezea kasi hiyo. Lakini singeli ilikuwa imeshasikilizwa, ikapimwa na kupitishwa kwenye vigodoro vya uswahilini, na watu ambao majina yao hayamo kwenye jalada lolote. Sikio tunalo. Tusichokuwa nacho ni njia za kulipokea: duka linalosambaza, hesabu zilizo wazi, na redio isiyosubiri kuletewa wimbo na meneja. Saa mbili za usiku kwenye kituo kimoja cha Dar es Salaam au Nairobi, zikitengwa kwa rekodi ambazo hazina promosheni, na mtangazaji akaachiwa achague mwenyewe, zingetosha kuanzia.