Unene Una Bei Yake

Mama msomaji, huku Mpanda mwanamke akinenepa baada ya kuolewa husifiwa. "Ndoa imekukubali!" humwambia wenzake, na mume hutembea kifua mbele kwa kuwa watu wanaona anatunza. Ni nadra mtu kumwuliza kama amepima sukari na shinikizo la damu.

Zamani tulidhani unene ni wa wake za wakubwa mjini. Sivyo tena. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ukakuta 28. Wala njaa haijatuacha, maana mwaka 2022 watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mama mnene na mtoto aliyedumaa huweza kulala chini ya paa moja.

Wataalamu wa uchumi hawaanzi kwa kumwita mama huyo mlafi. Wao huuliza: kipi kinapatikana kwa urahisi, kwa fedha na kwa muda? Mama wa Mwamkulu anayetoka shamba la mpunga jua likizama hana saa mbili za kuchochea kuni chini ya chungu cha maharage. Wali mtupu huiva upesi, na maandazi yako dukani. Safari ya mjini iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda.

Basi serikali inaweza kugusa bei. Mexico ilianza Januari 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Mwaka wa kwanza ununuzi ulipungua kwa takriban asilimia 6, na familia maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kwa gramu za sukari badala ya lita. Hiyo naiona ni busara zaidi: mwenye kiwanda akipunguza sukari, hulipa kodi ndogo, na mtoto hunywa soda ile ile yenye madhara pungufu.

Kwetu ushuru wa soda upo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeutaja kuwa mojawapo ya vyanzo vya fedha za kuwasaidia wasio na uwezo. Ni jambo jema, ila lina mtego wake: watu wakiacha soda, mfuko huo nao unapungua. Kwa maoni yangu afadhali upungue.

Wapo wasemao kodi kama hizi humwumiza maskini. Ni kweli. Lakini kisukari je? Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 hivi kati ya 100 wa miaka 25 hadi 64 nchini wana ugonjwa huo. Akiugua mama, mpunga wa chakula huuzwa gunia baada ya gunia kwa ajili ya nauli na dawa, na binti huachwa nyumbani kupika.

Hata hivyo bei haitawali kila kitu. Tazama mashineni. Kukoboa mahindi kabla ya kusaga ni malipo ya ziada, na pumba zenye virutubisho tunaziacha pale pale. Tunalipa zaidi ili tupate chakula hafifu! Dona ni nafuu na hushibisha muda mrefu, lakini wengi wetu tunaona haya kumwekea mgeni ugali wake mezani. Hapa Waziri wa Fedha hawezi kutusaidia. Ni mazungumzo yetu na waume na wakwe zetu.

Ukiamua kusaga dona, anika mahindi yakauke kabisa na uyachambue yaliyooza au kuota ukungu. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo kukoboa huziondoa.