Je, Wajua? Nyanya Bila Kuinama
Si lazima mzee wa Rodi Kopany, Homa Bay, ainamie jembe ndipo ale nyanya zake mwenyewe. Ndoo kuukuu ya lita 20, iliyotobolewa chini na kuinuliwa juu ya matofali, hutosha mche mmoja. Changanya udongo na samadi iliyooza. Usichote udongo palipolimwa nyanya, viazi au biringanya, kwani huenda una bakteria wa mnyauko. Fukia sehemu ya shina, nalo litaota mizizi zaidi. Aina fupi kama Cal J hufaa kuliko zinazorefuka bila kikomo. Mwagilia bila kuruka siku za jua: maji yakikatizwa, kalsiamu haifiki kwenye tunda, na kitako chake huoza kikawa cheusi.